Sinia la vionjo lililochoka kungoja: kisa cha Noeli na Bonane mjini Bukavu

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, alirudi Bukavu, mashariki mwa Kongo, Desemba 2022, baada ya miaka tisa huko Portland, katika jimbo la Maine, Marekani. Alishuka na masanduku mawili, watoto wawili, na sahani moja ya kioo yenye vyumba vitano, ameiviringisha ndani ya sweta isije ikavunjika njiani. Hata maji hajanywa, akaniambia: "Mdogo wangu, Noeli hii tutatanguliza sinia la vionjo." Mimi ndiye ninayepikia familia na majirani kwenye dote (mahari), komunio na ubatizo, kwa hiyo neno hilo lilikuwa langu kabla ya kuwa la mtu mwingine.

Sinia hilo tuliliandaa mara mbili, tarehe 25 Desemba na tarehe 1 Januari, siku tunayoiita Bonane, nyumba ileile ya mama huko Bagira, wageni karibu walewale, watu 35 hivi. Mara ya kwanza lilirudi jikoni limejaa kama lilivyotoka. Mara ya pili tulifagia makombo. Katikati ya siku hizo mbili hatukununua friji wala hatukupata mboga za ajabu, na ndiyo maana naona kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa kirefu.

Kwanza sinia lenyewe. Ni desturi ya Wamarekani: vitu vidogo vya kutafuna vinavyowekwa mezani kabla ya chakula kizito, hasa Noeli na Siku ya Shukrani, ambayo kwao huwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Utakuta vijiti vya karoti na seleri, figili, matango ya siki, zeituni nyeusi na za kijani, pengine jibini na mayai. Mama wa sinia hili ni seleri. Katika karne ya 19 ilikuwa mboga ya gharama na yenye kazi nyingi shambani, na nyumba zenye uwezo ziliisimamisha kwenye chombo kirefu cha kioo katikati ya meza, kama vile sisi tunavyosimamisha maua. Mji wa Kalamazoo, Michigan, ulipata sifa kwa kuilima. Bei iliposhuka, chombo kirefu kikaacha nafasi kwa sahani bapa yenye vyumba, seleri ikapata majirani. Zeituni nyeusi za makopo za California nazo zina hadithi yake: huchumwa zikiwa bado za kijani, hutolewa uchungu kwa soda kali, kisha hupitishiwa hewa mpaka zigeuke nyeusi. Ndiyo maana ni laini na hazina ukali. Watoto wa kule huzivika kwenye ncha za vidole, kumi kwa mara moja, ndipo huzila. Watoto wa yaya walifanya hivyo mbele ya mama, na mama hakusema kitu. Alichosema alikisema jioni, tukiwa tunamenya:

"Bageni bakule majani mabichi, na moto iko mu nyumba?"

Watu walicheka, lakini mimi naichukua kauli hiyo kwa uzito. Kwetu Kivu kipindupindu hurudi mara kwa mara, na mama amelea watoto sita kwa kanuni moja: kilichopita motoni ndicho kinachoingia kinywani. Anayemwekea mgeni mboga mbichi Bukavu anamwomba mgeni huyo amwamini. Mtu hawezi kuomba hivyo kwa maji ya ndoo ambayo hajui yametoka wapi. Kwa hiyo tangu mwanzo nilishika sharti moja ambalo sikulibadilisha mara zote mbili: maji ya kuoshea na kulowekea ni maji ya kunywa, yaliyochemshwa yakatokota, yakapoa ndani ya chombo chenye kifuniko. Bomba lilikuwa limekauka siku mbili, maji yalipanda kwa madumu, na hilo peke yake lilikula nusu siku ya makaa. Sijutii.

Sasa Noeli. Tarehe 23 tulishuka soko la Kadutu. Karoti zilikuwa nzuri, za Kabare, bado zina udongo mweusi. Koliflawa ndogo lakini zimefunga. Matango, nyanya, bitiruti, vyote vilikuwepo. Seleri ndiyo iliyotukwamisha. Yaya alishika fungu, akaligeuza juu chini, akamwangalia muuzaji: "Mama, hii ni majani tu. Vijiti viko wapi?" Muuzaji naye akamwangalia yaya. Seleri yetu ni ya majani, shina lake jembamba, lina nyuzi, nasi tunaitia mchuzini kwa ajili ya harufu. Ile ya Marekani imezalishwa kwa ajili ya shina nene linalovunjika kwa sauti. Yaya hakukubali. Alisema tutakata hivyohivyo. Tulikata, na kila aliyetafuna alibaki na uzi katikati ya meno.

Usiku wa tarehe 24, umeme haupo, tulikata kila kitu kwa mwanga wa simu: karoti vijiti, matango duara, nyanya robo, bitiruti za kuchemsha vipande. Tukaviweka kwenye mabeseni makavu, tukafunika kwa vitambaa. Mayai nilichemsha dakika kumi kama nilivyozoea kusoma. Asubuhi nilipiga mayonezi kwa mkono, viini vibichi, mafuta, haradali. Sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, nilikaanga saa nne, nikazilaza juu ya majani ya saladi ndani ya sinia kubwa la bati, kwa kuwa sahani ya kioo isingetosha watu 35. Mwishoni nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nafumba macho: nilichukua chumvi, nikanyunyiza juu ya sinia zima, vionjo visiwe na ladha ya maji.

Saa tano na nusu sinia lilikuwa mezani, zuri. Wageni walialikwa saa sita. Misa ilichelewa kutoka. Walifika saa nane wakasalimiana, baba mkubwa akasali, akasema maneno ya mwaka, akawataja marehemu mmoja mmoja. Chakula kilifunguliwa saa tisa kasorobo.

Nilipofunua kitambaa niliona hivi. Karoti zilikuwa na ukungu mweupe kwenye kingo, kama visigino vya mtu aliyetembea kiangazi, na zilikuwa zimepinda. Chini ya matango kulikuwa na maji. Maji hayo yalikuwa yamefika kwenye bitiruti, yakachukua rangi, yakavuka mpaka kwenye mayai, na mayai yalikuwa na mshipi wa waridi kiunoni. Mayonezi yalikuwa yameachana, mafuta juu, kitu kama uji chini. Sambaza, ambazo utamu wake wote ni kule kuvunjika kwake, zilikuwa zimelegea juu ya saladi iliyolala. Baba mdogo alichukua kijiti cha karoti, akakikunja taratibu, kikakunjika hadi ncha zikakutana bila kuvunjika, akakirudisha mahali pake. Hakutaka kunitia aibu. Wengine walichukua jibini, wakapita kwenda kwenye wali, sombe (majani ya muhogo) na kuku.

Mayonezi nilimwaga yote. Mayai mabichi yaliyokaa nje zaidi ya saa mbili siwezi kumpa mtoto wa mtu. Na yai moja nililolipasua jikoni lilikuwa na kiini kinachotiririka bado.

Jioni yaya alikuwa na maelezo yake: umeme. Kungekuwa na friji, sinia lingesimama. Maelezo hayo nimeyasikia kwa waandaaji wengi wa hapa, na naona yanatuzuia kufikiri. Friji ingeokoa mayonezi, hilo nakubali. Isingeokoa tango lililonyunyiziwa chumvi saa tatu nzima kabla ya kuliwa, wala kiini cha yai, wala isingemfanya baba mkubwa afupishe sala. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku ni wa baridi, na karoti nzima hulala salama kwenye sakafu ya saruji. Wapo wanaoshauri chungu ndani ya chungu na mchanga uliolowa katikati. Ni mbinu nzuri mahali pakavu, kwa sababu kinachopoza ni maji yanayokauka na kupanda hewani, lakini Desemba yetu ni ya mvua, hewa imeshiba, maji hayataki kupanda. Kwa hiyo nililiacha suala la baridi, nikaanza upya na maji.

Karoti hukakamaa kwa sababu chembe zake zimejaa maji, kama mpira uliojaa upepo. Ukiikata vijiti, umeifungua pande zote, na maji hutoka kila upande. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi, hunywa tena na kukakamaa, hata iliyokwisha kulegea. Figili ni hivyohivyo, na koliflawa mbichi pia. Tango liko kinyume kabisa. Lina maji kupita kiasi, hasa pale kwenye mbegu, na chumvi ikiligusa tu maji yanatoka. Dawa yake ni kuyatoa mapema, kwenye chujio, kabla halijaingia kwenye sinia. Kuna mboga za kunyweshwa na mboga za kukamuliwa. Mimi nilizikausha za kunyweshwa usiku kucha, nikazikamulia za kukamuliwa palepale juu ya sinia, halafu chumvi yangu ikawakamua wote pamoja. Nilipolitambua hili nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za nyuma, beseni miguuni, nikarudi ndani kumwamsha yaya.

Nyanya na bitiruti niliziondoa moja kwa moja. Nyanya iliyokatwa haina namna ya kungoja. Iende kwenye kachumbari inayoliwa papo hapo. Bitiruti inapaka kila inachogusa.

Achari nayo ilikuwa na kesi yake. Siki ya Noeli nilinunua kwenye chupa iliyojazwa upya, isiyo na karatasi. Siku ya tatu maji ya achari yalikuwa yametibuka na kutoa mapovu madogo, maana yake kuna kitu kilikuwa kinaishi mle. Siki ya kuhifadhia mboga inatakiwa iwe na asidi ya asilimia 5, imeandikwa kwenye chupa, na chupa iwe imefungwa. Ukiwa na siki ambayo muuzaji ameizidisha maji, huna tena kinga unayodhani unayo, na mgeni hawezi kuliona hilo kwa macho. Nilimwaga chupa tatu za achari. Mama alisimama akiangalia, na kwa mara ya kwanza alitikisa kichwa kwa kunikubalia.

Tarehe 28 nilitengeneza nyingine: karoti, koliflawa, vitunguu vidogo, pilipili mbili nzima katika kila chupa. Vikombe vinne vya siki kwa kikombe kimoja cha maji, chumvi, sukari kidogo, nikamimina ikiwa inachemka. Chupa zilizofungwa nilizichemsha ndani ya sufuria ya maji. Hapa kimo cha mji kina neno lake. Kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100 kama pwani, kwa hiyo achari ambayo maelekezo ya pwani yangeipa dakika 10 mimi niliipa 15. Mayai vivyo hivyo: mara ya pili niliyapa dakika 14 tangu maji kutokota, kisha maji baridi mara moja, kwani yakizidi kiini hujifunga mkanda wa kijani. Niliyanunua wiki moja kabla kwa makusudi. Yai lililotagwa jana linakataa kuachana na ganda lake.

Mchuzi wa kuchovya ndio sehemu niliyoipenda kuliko zote. Mayonezi hayakuwa na nafasi tena. Nilichukua lita tatu za mashanza, maziwa yetu ya mgando, nikaziweka kwenye kitambaa cheupe kilichochemshwa, nikakining'iniza juu ya ndoo usiku mzima. Asubuhi maji yalikuwa yametoka na ndani kulibaki kitu kizito, cheupe, kinachosimama kwenye kijiko. Mashanza yana uchachu wake, na uchachu huo huyafanya yavumilie kungoja kuliko mayai mabichi. Hata hivyo nilikitoa dakika ya mwisho. Halafu nikaita seleri. Majani yaleyale yaya aliyoyakataa sokoni niliyakatakata laini, nikayachanganya humo na kitunguu saumu kilichosagwa, chumvi, na ndimu. Yaya alichovya kidole, akanyamaza, akachovya tena. Akasema: "Hii ndiyo harufu ya meza ya kule." Seleri ilikuwa imepata njia ya kuingia kwenye sinia lake bila kijiti hata kimoja.

Karoti na figili zilibaki nzima mpaka asubuhi ya Bonane. Nilizikata saa nne nikazitia kwenye maji baridi, zikakaa humo mpaka nisikie wageni mlangoni, kisha zikafutwa kwa kitambaa, kijiti kwa kijiti. Kufuta si urembo. Tone la maji linaloteremka kwenye karoti ndilo linalokwenda kuharibu jibini jirani. Matango niliyapasua kwa urefu, nikakwangua mbegu kwa kijiko, nikayatia chumvi kidogo kwenye chujio nusu saa, nikayafuta pia. Zeituni zilichujwa kabisa. Jibini ilikuwa ya Masisi, ile ya duara inayotujia kwa boti kutoka Goma. Niliikata vipande vinene kwa sababu vyembamba hutoa jasho na kujikunja. Sambaza ziliondoka kwenye sinia. Samaki huyu aliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na leo hakuna sherehe ya hapa isiyomjua, lakini ukimtaka mkavu mpe sahani yake mwenyewe, na mkaangaji asimame kwenye mafuta wageni wakiwa wamekwisha kaa.

Nimebakiza jambo la mwisho, nalo ndilo nililochelewa kuliona kuliko yote. Kwa Wamarekani sinia hili hukaa wazi, kila aingiaye anachukua. Kwetu chakula kilicho mezani hakiguswi kabla ya sala. Mgeni mwenye adabu hawezi kunyoosha mkono wakati baba mkubwa hajasimama, hata akiwa na njaa. Kwa hiyo siku ya Noeli sinia liliwekwa kwenye meza kubwa pamoja na masufuria, na kwa kuwekwa hapo likageuka kuwa chakula, likafungwa na sheria ya chakula. Hata lingekuwa na karoti za kuvunjika kama kioo, lingengoja kwa muda wa saa tatu na robo.

Nilimweleza yaya, naye ndiye aliyepata jibu. Tuna kitu kimoja kinachomfikia mgeni kabla ya sala, nacho ni maji ya kunawa. Birika na beseni huzunguka mtu akishaketi, pamoja na kinywaji. Alisema vionjo vifuate birika. Tukaacha sinia kubwa la bati, tukatumia sahani tano ndogo pamoja na ile ya kioo, kila moja ya watu sita hivi. Vijana wawili walitangulia na birika na taulo, watoto wa yaya wakafuata na sahani, na yaya mwenyewe akambebea mama na wazee ile ya kioo, akapiga goti kidogo mbele ya kila mmoja kama alivyofundishwa akiwa msichana. Jikoni nilibaki na vitu vyote ndani ya maji yake, najaza sahani moja kila kundi jipya linapoingia. Hakuna sahani iliyokaa zaidi ya nusu saa.

Baba mdogo alichukua karoti. Safari hii ilivunjika, na sauti yake niliisikia nikiwa mlangoni.

Sitasema kila kitu kilikwenda vizuri. Figili zilirudi karibu zote. Ukali wake watu waliuchukulia kuwa ni pilipili iliyokosea njia, na mwaka mwingine sitazinunua. Parachichi nililoliponda na ndimu liligeuka la kahawia juu ndani ya saa moja, ndimu huchelewesha lakini haizuii. Na lazima nikiri kwamba wageni wa Bonane walifika na njaa zaidi kuliko wale wa Noeli, ambao wengi walikuwa wamekula kidogo kwa jirani baada ya Misa, kwa hiyo siwezi kuupa mpangilio wetu sifa zote. Lakini njaa hainyooshi karoti iliyolegea, wala haimfanyi mama yangu ale mboga mbichi. Alikula. Alichovya tango kwenye mashanza, akauliza maji yalichemshwa na nani, nikamwambia ni mimi, akachovya la pili.

Kwa watu 35 tulitumia kilo 3 za karoti, matango kumi, koliflawa mbili, mayai 30 yaliyokatwa nusu, duara moja la jibini, makopo matatu ya zeituni, chupa nne za achari na zile lita tatu za mashanza, ambazo baada ya kuchujwa zilikuwa kama nusu yake. Sambaza, kilo 2, zilikwisha kabla mkaangaji hajaonja.

Yaya alirudi Portland katikati ya Januari, sahani ya kioo akamwachia mama. Novemba iliyofuata, siku chache kabla ya Siku yao ya Shukrani, alinipigia simu akiwa dukani. Alikuwa amepata mtindi mzito wa kushika nafasi ya mashanza, amepata na seleri, mashina manene kama alivyotaka siku zile Kadutu. Lakini pale dukani walikuwa wameyakata majani yote kabla ya kuzifunga, na alikuwa akizunguka kutoka fungu hadi fungu, simu sikioni, akitafuta yenye majani.